Saa ya mkono ya zamani yenye kengele (Poljot ya Mrusi) inakoroma badala ya kulia. Mafundi na wapenzi wa saa, karibuni

mpwa_wa_Temeke:
Wakuu, habarini za jioni. Naomba msaada wa mafundi saa na yeyote anayezijua saa za kutia ufunguo.

Mjomba wangu ana saa ya mkono aina ya Poljot yenye kengele. Aliinunua Moscow alipokuwa masomoni miaka ya sabini, na mpaka leo ndiyo saa anayoivaa. Ubavuni ina vifungo viwili. Cha juu, usawa wa namba 2, ni cha kengele. Cha chini, usawa wa namba 4, ni cha kutia ufunguo wa saa yenyewe na kurekebisha majira. Usoni kuna mishale minne, ule wa nne ndio unaoonyesha kengele italia saa ngapi.

Majira inakwenda vizuri, haina shida. Shida ni kengele. Kwanza sauti: zamani ilikuwa inaamsha nyumba nzima, siku hizi inakoroma tu "grrr" ya chinichini, sekunde chache imekata. Pili, haiji kwa wakati. Mjomba akiuweka mshale kwenye 5 ili imwamshe saa kumi na moja alfajiri, inawahi kwa karibu robo saa. Tatu, kuna siku hailii kabisa ingawa anasema aliitia ufunguo.

Fundi mmoja mjini aliishika, akaitikisa sikioni, akasema springi ya kengele imekatika na vipuri vya Mrusi havipo tena, kwa hiyo mtambo wa kengele ung'olewe ibaki saa ya kawaida. Hakuifungua hata mfuniko. Mjomba amekataa na mimi nimekataa. Nataka tujue ugonjwa wake kabla mtu hajaingiza bisibisi.

Mlala_Kigamboni:
Pole mkuu. Lakini kwa nini mzee asitumie simu kuamkia? Hizi saa matengenezo yake ni gharama.

mpwa_wa_Temeke:
Simu anayo mkuu. Saa hii amekaa nayo tangu ujana wake na anataka ifanye kazi yake yote, siyo nusu. Nadhani ana haki hiyo.

Fundi_Gerezani:
Kijana, mpe mjomba shikamoo yangu. Mmefanya jambo la maana kukataa. Kung'oa mtambo wa kengele kwenye saa kama hiyo ni kuiua, na mara nyingi ugonjwa wenyewe ni mdogo.

Springi ikikatika, kwa kawaida kifungo kinazunguka bila kukaza wala kufika mwisho. Wewe umesema kengele inalia, japo vibaya. Basi nguvu ipo. Tusianze na springi.

Nikueleze mtambo ulivyo, maana ukiuelewa utajipimia mwenyewe hapo nyumbani. Ndani ya hiyo Poljot mna mashine namba 2612, ya Kiwanda cha Kwanza cha Saa cha Moscow. Warusi waliifuatisha kutoka kwenye mashine ya Uswisi, AS 1475 ya kampuni ya A. Schild, iliyotoka 1954. Hiyo ya Uswisi iliwekwa kwenye saa za majina mengi sana, kwa hiyo mwenye saa ya kengele yenye vifungo viwili, jina lolote lile usoni, asome hapa, huenda ni ndugu yake.

Mashine hii ina mapipa mawili ya springi. Moja linaendesha majira, jingine ni la kengele peke yake. Ndiyo maana majira inaweza kuwa nzima kabisa na kengele ikawa mgonjwa. Pipa la kengele linasukuma magurudumu machache mpaka kwenye gurudumu lenye meno makali, na hilo linaichezesha nyundo huku na huku kwa kasi. Nyundo haigongi kengele ya duara kama ya saa ya mezani. Inagonga kipini kidogo kilichogandishwa kwenye mfuniko wa nyuma, upande wa ndani. Mfuniko ndio unaotoa sauti. Shika hapo: kwenye saa hii mfuniko ni sehemu ya mtambo. Mafundi wengi wanausahau, wanatazama mashine tu.

Nyundo inazuiwa na ulimi wa springi bapa. Chini ya uso wa saa kuna magurudumu mawili yanayolaliana, moja linafuata mshale wa saa, jingine linafuata mshale wa kengele. Moja lina vinundu, jingine lina matundu, vimepangwa kwa umbali usiolingana, kwa hiyo vinakutana mara moja tu kila baada ya saa 12. Vikikutana, gurudumu linaruka kidogo mno, hata milimita haifiki, ule ulimi unaiachia nyundo, kengele inalia.

Kwa hiyo uliza maswali matatu. Je, nguvu ipo? Je, inafunguka kwa wakati wake? Je, nyundo inakifikia kipini? Fanya haya bila kufungua chochote:

Kifungo cha juu kikiwa kimesukumwa ndani, kitie ufunguo taratibu. Kinakaza na kufika mwisho, au kinazunguka tu?

Halafu kivute nje, sogeza majira mbele mpaka ilie. Wakati inalia bonyeza mfuniko wa nyuma kwa kidole gumba. Sikiliza sauti inabadilika vipi.

Kisha iache imalize kulia, usiitie tena ufunguo. Kifungo cha juu kikiwa nje, endelea kusogeza majira mbele pole pole huku saa iko sikioni. Utasikia "tik" ndogo ule ulimi unapoiachia nyundo. Andika mishale ilikuwa wapi. Rudia. Usirudishe mishale nyuma kengele ikishafunguka, vile vinundu vina upande mmoja wa mteremko na mwingine wa ukuta.

Na muulize mjomba: baada ya kuamka, kifungo cha juu anakirudisha ndani?

saa_za_babu:
Fundi, samahani naingilia. Nina Seiko Bell-Matic ya marehemu babu. Yenyewe ina kifungo kimoja cha ufunguo na kitufe usawa wa 2, na pete inayozunguka ndani ya kioo. Hailii kabisa ila saa inatembea. Nayo ni hivyo hivyo?

Fundi_Gerezani:
Hapana, hiyo ni mashine nyingine, 4006, Wajapani walianza kuitoa miaka ya sitini. Majira yake inajijaza kwa mwendo wa mkono, ndiyo maana inatembea. Kengele haijijazi kwa mkono. Lazima uitie ufunguo mwenyewe. Watu wengi wanaorithi Bell-Matic hawajui hilo. Jaribu kwanza, kile kitufe kikiwa kimevutwa. Isipolia fungua uzi wako tuijadili vizuri, hapa tumalize ya Mrusi.

saa_za_babu:
Imelia!!! Asante sana fundi. Mama ametoka jikoni kuja kuangalia.

mpwa_wa_Temeke:
Shikamoo fundi. Nimekaa na mjomba jioni yote, majibu haya.

Ufunguo: kinakaza taratibu na kinafika mwisho. Hakizunguki hovyo.

Kidole gumba: hapa nimeshangaa. Ikiwa inakoroma, ukibonyeza mfuniko katikati, sauti inapanda ghafla, inakuwa "trrrin" kali. Ukiachia, inarudi kukoroma. Mjomba mwenyewe kasema, "Hiyo ndiyo sauti yake."

"Tik": inasikika palepale kila mara. Mshale wa kengele uko kwenye 5 kamili, tik inakuja majira ikionyesha kumi na robo tatu hivi. Haihami.

Kuhusu kifungo: hakirudishi ndani. Anakiacha nje siku zote, akiamini ndiyo "imewashwa".

Fundi_Gerezani:
Umepima vizuri kuliko aliyetaka kuing'oa. Tuanze na rahisi.

Siku ambazo hailii kabisa: kengele hii haijui alfajiri na jioni, uso wake ni wa saa 12. Kifungo kikikaa nje, mshale uko kwenye 5, italia saa kumi na moja alfajiri na italia tena saa kumi na moja jioni kama springi ina kitu. Mjomba akiitia ufunguo mchana, jioni yuko kwenye daladala au barabarani, inakoroma mkononi hasikii, springi inaisha. Alfajiri inafunguka lakini pipa tupu. Mwambie baada ya kuamka asukume ndani, na usiku kabla ya kulala ndipo aitie ufunguo na kuvuta nje. Na asilale nayo mkononi. Nyama ya mkono inameza sauti. Aiweke juu ya kisahani au kibao cha mbao.

Kuwahi: tik ikija palepale kila mara, magurudumu ya kufungulia yako sawa na mishale haijalegea. Kilichopo ni mshale kupachikwa vibaya, kuna mtu aliwahi kuitoa mishale akairudisha kwa macho. Kama tik ingekuwa inahama, leo kumi na nusu kesho kumi na moja na robo, ningesema mshale umelegea kwenye mrija wake au vinundu vimelika, na hiyo ni kazi nyingine. Kwa saa ya aina hii kupishana dakika tano huku au huku ni kawaida, usimdai fundi zaidi ya hapo. Robo saa siyo kawaida.

Sauti: kidole gumba kimejibu. Ukibonyeza mfuniko unakisogeza kipini kwenye nyundo. Maana yake kipini kiko mbali, nyundo inakigusa kwa ncha tu au inapiga hewa. Naweka dau langu kwenye mpira unaozibia mfuniko. Njooni nayo kwangu, mtaa wa Gerezani hapa Dar, siku yoyote ya kazi, nitaifungua mbele yenu.

Dada_wa_Upanga:
Fundi, nauliza tu kwa kujifunza: si ungekipinda kile kipini kidogo kielekee kwenye nyundo? Nimeona video mtu anafanya hivyo kwa koleo.

Fundi_Gerezani:
Dada, usiguse kipini. Kimegandishwa kwenye bati jembamba, ukikipinda kinalegea kwenye shina, na kipini kilicholegea kinatoa sauti ya debe mpaka mwisho wa maisha ya saa. Nyundo nayo usiipinde, mkono wake ndio unaobeba ile mikono midogo inayoshikana na meno. Tafuta kilichobadilika. Saa ilitoka kiwandani ikilia, kwa hiyo kuna kitu mtu amekiweka au amekitoa.

mpwa_wa_Temeke:
Wakuu, mrejesho. Leo tumetoka Gerezani, naandika nikiwa bado nakumbuka vizuri.

Fundi aliiacha kwanza kengele ilie mpaka ikaisha kabisa. Alisema saa ya kengele haifunguliwi springi ikiwa imejaa. Mfuniko wa saa hii hauzungushwi wenyewe: umekaa kwenye mkato mdogo ili kipini kiangalie mahali pake, na juu yake kuna pete yenye nyuzi ndiyo inayokazwa. Alipoinua mfuniko, chini yake ulikuwapo mpira mweusi mnene wa duara, mnene kama tambi ya kupikia. Siyo wa saa hii. Mpira wa asili ni bapa na mwembamba. Kwa hiyo mfuniko ulikuwa umekaa juu kuliko inavyotakiwa, na pete ilikuwa imeshika nyuzi chache tu.

Akanipa lenzi nitazame kipini. Ni kifupi, kama shina la njiti ya kiberiti lililokatwa, rangi ya kijivu iliyofifia. Kwenye ncha kabisa, upande mmoja, kulikuwa na mstari mwembamba unaong'aa. Chini ya mstari huo kuna kidonda cha zamani, kipana, kimefifia. Fundi akasema hicho kipana ndipo nyundo ilipokuwa inagonga miaka yote, na huo mstari wa juu ndio inapogonga tangu mpira ubadilishwe. Mjomba akakumbuka: aliwahi kubadilishiwa mpira baada ya kunyeshewa. Tangu hapo hajaisikia vizuri.

Akaweka mpira bapa mwembamba, akarudisha mfuniko kwenye mkato wake, akakaza pete, akatia ufunguo. Ililia mpaka watu wa meza ya jirani wakageuka.

Ila bado ilikuwa inakata mapema. Fundi aeleze mwenyewe.

Fundi_Gerezani:
Ilikata mapema kwa sababu ya uchafu. Mafuta ya pipa la kengele yalikuwa yamekauka yakawa gundi ya kahawia, na gurudumu la nyundo lilikuwa na vumbi lililochanganyika na mafuta ya zamani. Springi yenyewe nzima, imechoka kidogo lakini inafaa. Nimeosha mtambo wote, nimetia mafuta mapya: mazito kwenye pipa na sehemu za nguvu, mepesi kama Moebius 9010 kwenye matundu ya magurudumu yanayokimbia. Tone dogo. Mafuta mengi yanatambaa yanafika kwenye springi ndogo ya gurudumu la mizani na saa inaanza kukimbia. Baada ya kuosha inalia kama sekunde 12, na kwa mashine hii hiyo ni afya.

Mishale niliitoa yote. Nilivuta kifungo cha juu, nikasogeza majira mbele taratibu mpaka tik, nikasimama hapohapo. Kisha nikapachika mshale wa kengele uangalie 12, mshale wa saa juu yake uangalie 12, halafu wa dakika 12, mwisho wa sekunde. Nikaacha nafasi ya kupumua kati ya mshale na mshale, kwa sababu minne kwenye mhimili mmoja ikigusana saa inasimama. Nikajaribu kwenye 3, 6 na 9. Inapishana dakika mbili tatu, nimeiacha.

Tahadhari kwa wanaotaka kujaribu nyumbani. Mishale na namba za saa za zamani zenye rangi ya kung'aa gizani, iliyogeuka kahawia, msizikwangue. Mpaka miaka ya sitini nyingi zilipakwa radiamu, na vumbi lake halifai kuvutwa puani hata kidogo. Hii ya mjomba haina rangi hiyo.

Mlala_Kigamboni:
Fundi, nimesoma uzi wote, nimebadili mawazo kuhusu simu. Swali: huo mpira mwembamba si utapitisha maji? Mimi navuka feri kila siku, hewa ya chumvi.

Fundi_Gerezani:
Saa ya aina hii haijawahi kuwa ya maji, hata ikiwa mpya. Ina matundu mawili ya vifungo badala ya moja, na mfuniko mwembamba unaotakiwa utikisike. Mpira mnene hausaidii chochote kama vumbi la chumvi linaingia kwenye shina la kifungo. Dar ni joto na unyevu, jasho lenyewe linatosha kuotesha kutu pale shina linapopita. Ifute kwa kitambaa kikavu kila jioni, usiivae kwenye mvua, na usipoivaa ihifadhi kwenye kopo lenye vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya. Kisha ioshwe kila baada ya miaka michache, isingoje mpaka ikorome.

Dada_wa_Upanga:
Kwetu kuna moja ya mzee, nayo ina vifungo viwili, jina la Kiswisi. Kengele yake inalia safi lakini saa inasimama. Siyo kila siku. Nimeanza kufuatilia, inasimama karibu na muda uliowekwa kengele, kabla haijalia. Nikiitikisa inaendelea na kengele inalia.

Fundi_Gerezani:
Umeeleza vizuri sana, hiyo ndiyo habari fundi anayoitaka. Ule ulimi wa springi unasukuma magurudumu yaliyo chini ya uso, na vinundu vinapokaribia matundu msuguano unaongezeka. Saa yenye nguvu za kutosha inapita hapo bila kuhisi. Saa yenye mafuta makavu inashindwa. Kwa hiyo mgonjwa hapo ni majira, siyo kengele, ingawa kengele ndiyo inayoonekana kumsimamisha.

Pima hivi. Siku nzima acha kifungo cha juu kikiwa ndani, itie ufunguo wa majira mpaka mwisho, uone kama inasimama. Siku inayofuata kivute nje. Ikisimama siku ya pili tu, na palepale, ni msuguano chini ya uso: usafi, mafuta kidogo kwenye vinundu, na kuangalia kama uso umekaa sawa, maana skrubu za uso zikilegea unayakandamiza yale magurudumu. Ikisimama siku zote mbili, inahitaji kuoshwa yote. Wala usikubali mtu aulegeze ule ulimi kwa kuupinda ili saa "ipumue". Ukilegea hautaishika nyundo tena, na kengele itaanza kulia hovyo kila ukiitia ufunguo.

Dada_wa_Upanga:
Asante fundi. Naanza kupima leo usiku, nitaleta majibu hapahapa.

mpwa_wa_Temeke:
Wakuu, nafunga upande wangu. Mjomba anaitia ufunguo kabla ya kulala na kuiweka kwenye kisahani cha chai kando ya kitanda. Imemwamsha saa kumi na moja alfajiri, na kifungo amekirudisha ndani. Ule mpira mnene nimeuhifadhi. Mwenye Poljot inayokoroma Temeke au Mbagala aniandikie, nitamwonyesha aulinganishe na wake kabla hajampa mtu pesa ya springi.